Ngano Kwenye Kichujio

“Vidosava, yule fundi mzee bado anaiweza kazi, au unamwita kwa huruma tu?” jirani alimuuliza siku moja. Leo mashine ya kufulia imegoma kutoa maji, na fundi amepiga magoti sakafuni, akiguna kila skrubu inapolegea. Vidole vyake vinene vinachomoa kwenye kichujio ngano iliyochemshwa kwa arobaini ya marehemu mume wa Vidosava, ambayo mjane huyo aliisahau mfukoni mwa aproni. “Kumbe mashine nayo ilialikwa,” fundi anasema kwa sauti ya kuchoka. Hatupi hata punje; anazikusanya kiganjani. Kwa desturi yao, ngano iliyobarikiwa kanisani huwekewa ndege dirishani. Maji yanatoka. Anajaribu kusimama, anashindwa, anajaribu tena. Jengo zima likisikia kwamba hawezi kuinuka, litatafuta fundi mwingine. “Nishike mkono, dada,” anasema, “na usimwambie mtu.”