Bokoboko la Bi Kidawa kwenye Meza ya Nasra

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, na mimi siku hizi nasahau hata kama nimekwisha kuswali adhuhuri. Umeniuliza uweke chakula gani kwenye meza ya bafe, siku ya shawa yako. Nitakujibu, ila kwa njia yangu. Mimi skuli niliishia darasa la tatu, kujibu kwa mkato sikufika.

Ilikuwa hapa hapa Wembley, miaka ya tisini inakwisha. Tulikutana kwa Salma kumpangia Nasra chakula cha shawa, hiyo karamu ya wanawake ya kumuaga bibi harusi. Neno lenyewe nilikuwa silijui. Nilidhani tunakwenda kumsugua mwari singo kama kwetu Unguja, nikaja na liwa yangu ya kumpaka kwenye mkoba. Walinicheka mpaka chai ikapoa. Nasra alifiwa na mamake angali mdogo, Salma, mama yake mdogo, akamchukua. Lakini tulimlea sote: huyu anamfuata skuli, huyu anamsuka, huyu anampikia Salma akiwa kazini.

Desturi yetu, penye shughuli kila mwanamke huja na sufuria yake. Mimi biriani. Bi Kidawa, mkubwa wetu, bokoboko: ngano na nyama, unapika mpaka vishikane, unaponda mpaka mkono ufe ganzi. Hakuna aliyemfikia. Ila miaka ile ulimi wake ulikuwa hauisikii tena chumvi. Idi tulilila bokoboko lake tukanywa maji kama ngamia, na kila mtu anasema, "Mashaallah, Bi Kidawa, mkono wako hauzeeki!" Waongo watupu, na mimi mmoja wao.

Salma akaingia hofu. Mama mkwe wa Nasra alikuwa mpishi wa kusifika, na mwenye jicho la kuona kila kasoro. Lakini utamwambiaje bibi aliyekupokea ulipofika nchi hii huna hata koti? Akaona ujanja: akaagiza chakula chote kwa Mhindi mmoja wa Queensbury, mzaliwa wa Mombasa, fundi kwelikweli, simtii ila.

"Safari hii njooni mikono mitupu," akatwambia. "Mkae mle, kama wageni."

"Wageni?" akasema Bi Kidawa. "Wageni wa nani?"

"Mpumzike tu, bibi."

"Nitapumzika kaburini, mwanangu. Mtu asiye na sufuria yake shughulini anakula, anafuta mdomo, anawahi basi. Nani atabaki kumfunda mtoto huyu?" Akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikajishughulisha na katlesi. "Semeni. Nani kawakosea?"

Jibu likatoka kwa Nasra. Watoto wa hapa unawajua, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Siku ile alisema Kiswahili, neno moja moja, kama mtu anayekanyaga barafu ya njiani.

"Bibi, bokoboko lako... chumvi nyingi. Sana."

Nilitamani ghorofa lile litumeze.

"Tangu lini?" akauliza Bi Kidawa.

"Tangu Idi. Ile ya mwaka jana."

"Kumbe mwaka mzima mnanisifu huku mnasukutua! Salma, umeona bora uwanyang'anye wanawake wote sufuria zao kuliko kuniambia mimi neno moja? Mficha uchi hazai, bibi wee."

Salma akafunika uso kwa mtandio. "Niliogopa utasusa. Nasra hana mama. Ukisusa wewe, siku ile ningemkalisha nani ubavuni mwake?"

Hapo bibi akalainika. Akamshika Nasra mkono. "Njoo kwangu. Mimi nitakoroga, wewe utaonja. Ulimi wangu umechoka, niazime wako."

Siku ya siku yule Mhindi alileta sambusa na kuku, basi. Vingine vyote vilikuja kwa sufuria zetu, kwa treni na kwa mabasi. Mama mkwe alionja bokoboko, akauliza nani kapika.

"Mkweo huyo," akajibu Bi Kidawa. "Mimi nimekoroga tu."

Mama mkwe akaongeza sahani ya pili. Tulikaa kumfunda Nasra mpaka mlinzi wa holi akaanza kutikisa funguo.

Kwa hiyo, mwanangu, weka pilau au pizza, sijali. Lakini kabla ya kuagiza, tazama nani anajiona ana sufuria kwenye shughuli yako, usimgeuze mgeni. Na kama mkono wa mmoja umeharibika, mfuate kwake, umwambie kwa adabu, kisha usimame naye jikoni. Usimfiche kwa kuwafukuza wote. Hata ndoa ni hivyo hivyo: yanayovunja nyumba mara nyingi ni yale ambayo watu walioneana haya kuyasema.

Mola akupe nyumba yenye watu wa kukwambia kweli, akupe na moyo wa kuisikia. Nenda, mwanangu, radhi zangu unazo.