Tochi Iliyonidondosha Fimbo

Mimi fimbo naijua. Darasani nilikaa miaka miwili tu, mbuzi wakanihitaji nikaenda, lakini nipe fimbo kumi nikiwa nimefumba macho, nitakuchagulia ya kutembea nayo. Unaiacha iangukie kiganjani. Ikikuvuta mkono chini kidogo, hiyo ni fimbo. Ikikaa kama bua la mtama, rudisha. Ndivyo baba yangu alivyonichagulia hii ya mti wa mkole ninayoishika mpaka leo. Na ndivyo nilivyokwenda kuchagua tochi, hapo ndipo nilipokosea.

Tochi ilikuwa ya binti yangu. Yeye anawauzia chai na vitumbua watu wa maofisini kule Mtumba, na wale wanataka chai kabla hawajaketi. Kwa hiyo anatoka hapa kwetu Ihumwa saa kumi na moja alfajiri, kikapu cha chupa za chai mkono mmoja, ndoo ya vitumbua kichwani, anavuka korongo ndipo aifikie barabara. Sasa mwaka huu jirani yetu alinyang'anywa simu na mkoba mle korongoni. Nikaanza kumsindikiza binti yangu mimi na fimbo yangu. Wiki mbili, halafu goti likakataa. Nisidanganye, na woga ulikuwemo. Nilikuwa nakohoa makusudi tukikaribia, ili aliyemo asikie aondoke.

Akaniambia, "Baba, baki nyumbani. Nikiona mambo mabaya nitaiacha kazi."

Alilisema hilo akiwa anachota unga, hakuniangalia. Kazi ile aliianza na chupa moja, sasa anazo nne. Nikajua akiiacha hataipata tena.

Basi nikaenda mjini, kwa muuzaji mmoja Mrangi wa Kondoa, mwenye meza ya tochi, redio na birika. Akaniamkia, nikaitikia, nikamwambia nataka tochi ya kumtoa mtu nia mbaya. Nikaokota ile ndefu kuliko zote, ya chuma, ya betri nne. Nikaiangushia kiganjani. Ikanivuta.

"Hii," nikasema.

"Mzee, unanunua tochi au mchi?"

"Mtu akimjia binti yangu, anampiga nayo."

"Binti yako anabeba nini?"

Nikamweleza. Mkono mmoja chai, mwingine unashika ndoo ikiyumba.

"Basi atapiga kwa kichwa," akasema. "Na vitumbua vyote kwa mwizi."

Akanipa nyingine, urefu wa kidole changu cha kati. Nikaiangushia kiganjani, sikusikia kitu. Nikamwambia hiyo ampe mtoto achezee. Akaiwasha, na mimi sikuona cha ajabu, maana ilikuwa saa sita mchana, na jua la Dodoma haliiachii taa nafasi ya kujisifu. Yule bwana hakubishana. Alichukua boksi kubwa lililokuja na birika, akaligeuza.

"Ingiza kichwa, mzee."

Nikaingiza, na kofia yangu. Waliopita sokoni siku ile waliona Mgogo mzima amevaa boksi. Akapitisha tochi kwenye lile tundu la kushikia, akabonyeza.

Nitasema kweli. Niliachia fimbo. Fimbo ambayo sijaiachia mbele ya mbwa, mbele ya dume la ng'ombe, wala mbele ya wakwe zangu, niliisikia inaanguka chini, nami nimeziba uso kwa mikono miwili.

"Sasa hapo," akasema yule bwana kutoka nje ya boksi, "mtu angepita pembeni yako ungemwona?"

Hata simba nisingemwona.

Akanifundisha polepole, hata wateja wengine akawaambia wangoje. Akasema zipo ambazo ukibonyeza mara mbili zinawaka nyekundu, mara tatu zinapepesa kama taa za harusini, na mtu mwenye hofu hahesabu. Hii inashikwa na ule mkono wa ndoo, ina kitufe kimoja mkiani, kidole gumba kinakifikia chenyewe, na mwanga wote unatoka kwa mara moja. Mwili wake umechongwa mikwaruzo makusudi, jasho haliitelezeshi. Inachajiwa kama simu. "Amulike macho, apite. Asisimame kugombana." Angeweza kuniuzia ule mchi wangu nikaenda nao kwa furaha. Yule ni mtu anayeijua kazi yake; nikanunua ile ndogo, nikamfundisha binti yangu kama nilivyofundishwa.

Alfajiri iliyofuata nilisimama mlangoni. Kile kimwanga kikateremka, kikazama korongoni. Nikangoja kitokee ng'ambo. Hakikutokea. Nikaanza kwenda, goti lile lile, na kabla sijafika kwenye mchongoma ulio ukingoni kikapanda upande wa pili, kikaenda zake barabarani bila haraka.

Jioni alinieleza huku anaosha chupa. Walikuwa wanaume wawili mle korongoni, wamekaa njiani katikati. Aliwamulika machoni, akawa anapita kwa pembeni, uso kawaelekezea wao, mguu unatafuta njia.

"Mmoja akasema, dada, zima hiyo, unatuumiza."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitazima nikishapita."

Kama walikuwa wezi au wasafiri wamepumzika, hakujua, wala hakurudi kuuliza. Aliisuuza chupa ya mwisho, akaiweka tochi kwenye chaji, akaniambia nimnunulie chupa ya tano nikienda tena mjini.