Mshipi Juu ya Boma Letu

Ziwa lilipanda kwa mvua za miaka ile ya Uhuru, na halikushuka. Watu wa Sori walidhani litarudi nyuma baada ya msimu mmoja. Wengine walihama wakiacha milango yao imefungwa kwa kufuli. Boma letu lilikuwa karibu mno na ufuo. Maji yaliingia kwanza zizini, kisha nyumbani kwa mama, na mwisho yakafunika kaburi la baba, ambaye tulikuwa tumemzika upande wa kulia wa nyumba kama ilivyo desturi yetu. Mama na kaka yangu mkubwa wakahamia mlimani. Mimi sikuwapo. Nilikuwa dresa, mfunga vidonda katika zahanati moja mjini Homa Bay, na habari ile niliipata kwa barua fupi.

Nilipopata likizo mwaka uliofuata, nilimkuta kaka mkono wake wa kulia umevimba hadi kwenye kiwiko. Mwiba wa samaki, mumi mkubwa, ulikuwa umemchoma kiganjani. Nikamkamua usaha, nikamsafisha, nikamfunga bendeji. Alitazama ukutani muda wote. Jioni ya tatu akaja na mshipi wa nailoni umezungushwa kwenye kijiti.

"Omera, ndugu yangu, nifungie huu," akasema. "Mkono wangu haushiki fundo."

"Pumzika kwanza, kaka. Wiki moja tu."

"Na hiyo wiki moja mama atakula nini?"

Nilikuwa sijashika ndoana tangu niende shule ya bweni, kwa hiyo alinielekeza hatua kwa hatua. Kwanza nikafunga uzi wa pamba juu ya mshipi, fundo dogo linalobana lakini linalosogezwa kwa ukucha. Kisha nikapitisha kifungo cha shati, halafu chelezo, kipande cha mti mwepesi alichokitoboa katikati kwa msumari wa moto. Chelezo kiliteleza juu na chini kwenye mshipi, lakini kikifika kwenye kifungo hakikuweza kupita, maana fundo lilikizuia. Chini yake nikaweka chubwi, kipande cha risasi kutoka betri kuukuu, na mwisho ndoana.

"Kwa nini tusiizamishe tu mpaka chini?" nikauliza. "Mumi si hulala chini?"

"Chini kuna miti. Itanasa. Pima mikono mitatu kutoka kwenye fundo mpaka kwenye ndoana. Maji ya pale ni mikono minne."

Nikapima kwa mkono wangu, toka kiwiko hadi ncha ya kidole, mara tatu. Sikumuuliza amejuaje kina cha maji kwa uhakika namna ile.

Tulitoka usiku, mimi nikipiga kasia, yeye ameketi mbele na kopo la minyoo mapajani. Juu ya chelezo nilikuwa nimechomeka unyoya mweupe wa kuku ili tukione kwenye mwanga wa kandili. Hakukuwa na upepo. Alinielekeza kwa sauti ya chini.

"Kushoto kidogo. Polepole. Sasa tumepita lango."

"Lango gani?"

"Letu."

Nikainua kandili. Ncha za matawi makavu zilitokeza majini kwa mstari, na mstari ule niliujua. Ulikuwa ua wa boma letu.

Sikuwahi kumpandishia kaka yangu sauti kabla ya usiku ule. "Unavua juu ya baba?"

Kaka akanyoosha mkono wenye bendeji. "Baba yuko kule, nyuma ya zile ncha mbili. Sijatupa ndoana kule hata siku moja. Mimi hufunga mtumbwi hapa, penye zizi. Mumi huja kwa ajili ya samadi." Akavuta pumzi. "Wewe ulipokuwa Homa Bay, mimi nilisimama pale maji yamenifika kiunoni, nikilizungushia kaburi magunia ya mchanga. Siku mbili. Peke yangu."

"Barua haikuniambia hayo."

"Ningekuambia, ungefanya nini? Ungelifunga bendeji?"

Unyoya ukatikisika, ukalala, ukazama. Nikavuta. Samaki alikuwa mzito, na kaka alikuja akashika mshipi nyuma yangu kwa mkono wake mzima. Tukamtoa majini pamoja.

Alfajiri mama alimtazama mumi yule na kuuliza, "Wa zizini?"

Tukatazamana. Kumbe alijua tangu mwanzo.

"Wuoda, mwanangu," akamwambia kaka, "nami nipelekeni."

Kaka akainamisha kichwa. "Mama, mwanamke hapandi mtumbwi wa kuvulia."

"Basi toeni mishipi na ndoana zote, usiwe wa kuvulia."

Tulimpeleka Jumapili baada ya ibada. Tulipofika nyuma ya zile ncha mbili, aliomba tusimamishe makasia. Akaanza kuongea na baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayempa mumewe habari za mchana: ng'ombe gani aliuzwa, shamba jipya lina mawe, kijana wake mdogo yuko hapa amekuja. Akanawa uso kwa maji yale. Halafu akasema jua limekuwa kali, turudi.

Ziwa halikurudi lilikokuwa. Mama alipofariki, mwishoni mwa miaka hiyo ya sitini, tulimchimbia kaburi mlimani, mbali na mumewe. Asubuhi ya mazishi kaka aliniamsha, tukaenda kwa mtumbwi hadi juu ya kaburi la baba. Akavua shati, akapiga mbizi mara nyingi, kila mara akirudi na tope viganjani na kulitia kwenye ndoo niliyoishika. Tulirudi na ndoo nusu. Tulilimwaga lile tope juu ya jeneza kwanza, kabla ya udongo wa mlimani. Mchungaji alituona, akasubiri tumalize, kisha akaendelea kusoma.