Abba Zemikaeli wa Debre Arimon, Aliyekimbia Asifuatwe

Siku ile ya kukimbia mjinga alikuwa yeye. Abba Zemikaeli hakumruhusu mtu kusimulia maisha yake bila kuanza na maneno hayo, nasi hatuna ubavu wa kumbishia hata sasa alipo mbele za Mungu. Basi tumeshayasema. Twende kwa utaratibu.

Alizaliwa mwezi wa Hidari, mwaka 1850 kwa hesabu yetu ya Kihabeshi, katika kijiji cha Yedogit huko Gojamu, mtoto wa Mekuria mkulima wa tefu na mkewe Yeshimebet. Wazazi walimwita Zerihun. Alipofikia umri wa kuchunga alikabidhiwa ng'ombe, akawa anaimba huku amefumba macho, na ng'ombe wakawa wanaingia mashamba ya watu. Baba yake akaona heri ampeleke shule ya kanisa kabla majirani hawajamkata mguu. Huko alisoma miaka mingi akiomba chakula mlango hadi mlango, amejifunika ngozi ya kondoo kama wanafunzi wote wa shule zile, na kile ambacho walimu walishindwa kumfundisha kuhusu unyenyekevu mbwa wa Gojamu walijaribu pia, nao wakashindwa. Maana alifuzu, na alijua kwamba amefuzu. Alipoingia monasteri ya Debre Arimon, akavishwa kofia ya utawa na kupewa jina la Zemikaeli, hapakuwa na sauti iliyofanana na yake kutoka mto Abai hadi milima ya Choke.

Debre Arimon iko ubavuni mwa mlima. Juu, karibu na kanisa, hukaa waimbaji. Chini, karibu na mashamba, hukaa walimaji. Wote ni watawa, wote wameapa kutokuwa na chao. Jiko liko katikati, na chungu ni kimoja tangu mababa waanzilishi. Mwaka mmoja, katika Sikukuu ya Ubatizo, walimaji nao waliinua sauti zao kumsifu Mungu, na Abba Zemikaeli akasema, watu wote wakisikia, kwamba sauti ya mlimaji Abba Ayalneh ingefaa zaidi mbele ya jembe la maksai. Waimbaji walicheka. Walimaji waliendelea kuimba, lakini walisikia.

Mwaka 1884 mkuu wa monasteri alifariki, na Abba Zemikaeli akachaguliwa kushika nafasi yake. Hapa kwetu mtu aliyechaguliwa hakubali. Desturi humtaka akimbie porini kwa kujiona hastahili. Ndugu humfuata na mnyororo, humkamata, naye hurudishwa akilia na kuketishwa kitini. Ni desturi njema, na wengi wamekimbia kwa dhati. Abba Zemikaeli alikimbia hadi kwenye jabali linaloonekana vizuri kutoka langoni, akachuchumaa nyuma yake, kilemba chake cheupe kikichungulia juu. Hakutaka kuwachosha watakaomtafuta.

Lakini kazi ya kubeba mnyororo ni ya walimaji.

Jua lilipoanza kuinama alipita Emahoy Wubit, mtawa aliyeshika jiko, akiwa na mzigo wa kuni mgongoni. Wakati huo alikuwa bado mwanamke wa makamo, na ulimi wake ulikuwa umeshakomaa.

“Abba, unatafuta nini hapo?”

“Nimeukimbia ukuu, Emahoy.”

“Loo! Na nani anakufukuza?”

Alichungulia langoni. “Hawajatoka?”

“Wametoka wapi? Saa tisa imepita, wamefungua mfungo, wanakula. Abba Ayalneh kaukalia mnyororo kama kigoda.” Akauweka mzigo sawa. “Anasema mtu anayekimbia huku anageuka nyuma hajakimbia, kaenda matembezi.”

Ambaye hakufuatwa hakuchaguliwa. Ndivyo ilivyo sheria. Kwa aibu Abba Zemikaeli hakurudi. Alipanda hadi pango lililo juu ya jabali lile, akakaa humo miaka, akila shayiri ya kukaanga ambayo Emahoy Wubit alimwachia mlangoni bila kupiga soga. Tusidhani kwamba siku za mwanzo zilikuwa za sala. Alimshtakia Mungu walimaji, kisha akamshtakia waimbaji waliokaa kimya, kisha Abba Lakew aliyeketishwa kitini badala yake. Alikuwa na kumbukumbu kali na mashtaka yalichukua muda. Yalipokwisha, pango likawa kimya, na katika kimya kile alisikia kwa mara ya kwanza kicheko cha waimbaji siku ya Ubatizo, akakisikia kama kilivyosikika masikioni mwa Abba Ayalneh. Alilia hadi ndevu zikalowa. Tangu hapo hakumwomba Mungu jambo. Alikaa tu mbele zake, asubuhi na jioni, kama mtu anayeota moto.

Mwaka 1891 alishuka. Hakwenda kanisani kwa waimbaji, alikwenda jikoni, akaomba kazi.

“Unajua kupika?” aliuliza Emahoy Wubit.

“Sijui.”

“Kusonga unga?”

“Sijui.”

“Kunyamaza?”

“Hilo nimelianza.”

“Kaa hapo uchambue dengu. Nikivunja jino kwa jiwe, unarudi pangoni kwako.”

Akakaa karibu na ungo, akitoa mawe moja moja, sala yake ya pangoni ikiendelea mle mle vidoleni. Watu walikuja kumtazama mwimbaji mkuu wa Gojamu akiwa na vumbi la dengu ndevuni. Wengine walikaa, wakachambua kidogo, wakaondoka wametulia bila kujua kwa nini. Siku moja akaja Abba Ayalneh, akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Ulisema sauti yangu ni ya maksai.”

“Nilisema, Abba. Nisamehe.”

“Na leo unasemaje?”

Abba Zemikaeli alimtazama. Alikuwa ameapa kutosema uongo tena, hata wa adabu. “Bado ni ya maksai. Lakini miaka yote hii nimekula jasho la maksai huyo, na sikuwahi kushukuru.”

Abba Ayalneh alicheka hadi akashika mwimo wa mlango. Akaingia, akavuta ungo.

Wakati huo huo nyumba ilikuwa inapasuka. Sifa za waimbaji ziliwaletea nafaka kutoka kwa wakubwa wa mji, na wakaanza kupika yao juu. Walimaji wakasema basi na mazao yetu yabaki chini. Ikaja njaa ya mwaka 1893. Abba Lakew, aliyekuwa mtu mwema asiyependa kelele, aliacha kiti, na ndugu wakakutana kugawana Debre Arimon iwe mbili, na ukuta ujengwe katikati. Hapo ndipo maisha yote ya mababa waanzilishi yalipokuwa yanakwisha kwa kura ya asubuhi moja.

Abba Zemikaeli aliingia barazani na magunia mawili, la dengu za juu na la dengu za chini, akayamwaga pamoja mbele ya wote. “Gawaneni,” alisema, “lakini anayegawana ale kwanza. Na zina mawe.” Mwimbaji mmoja alifoka kwamba amewaharibia hesabu. Abba Ayalneh alikaa chini akaanza kuchambua, kisha mwingine, kisha wote, kwa kuwa ni fedheha kumwacha mzee akichambua peke yake. Hapakuwa na neno hadi saa tisa. Husemwa kwamba baadhi walilia na baadhi walisinzia, na Mungu alizipokea sala zote mbili. Chungu kiliinjikwa kimoja. Walipokwisha kula, aliyekuwa ametaka ukuta hakukumbuka pa kuanzia.

Siku hiyo hiyo wakamchagua awe mkuu, naye akabaki amekaa.

“Hukimbii?” waliuliza kwa mshangao.

“Nilishakimbia. Hamkuja.”

Aliongoza miaka ishirini na miwili kutoka jikoni. Hakuna shauri zito lililozungumzwa kabla ya watu kukaa kimya pamoja juu ya dengu, na katika ukimya huo yeye alijifunza kabla ya kuamuru. Kila Kwaresima mdogo kuliko wote alimwambia makosa yake mbele ya ndugu, naye aliruhusiwa kujibu neno moja tu: asante. Waimbaji walimtaka awe wao kwa kuwa alitoka kwao, walimaji walimtaka kwa kuwa aliwaomba radhi. Hakuhamia kwa yeyote, alilala kwenye kibanda cha kuni. Kuhusu maajabu, husimuliwa kwamba katika njaa ile chungu kiliwatosha ndugu na kijiji kizima hadi mvua ziliporudi. Mwanamke tasa wa Yedogit alizaa baada ya kuchambua dengu kwake. Waamini wanaotaka kumwiga hawahitaji pango. Kabla ya kumwamuru mtu, na wakae kimya pamoja naye hadi wamsikie; na wawe na ndugu wa kuwaambia ukweli, tena wasimchague mpole.

Alifariki mwezi wa Megabiti mwaka 1915, ameketi, ungo magotini. Na hata kabla hajapoa, nyumba ikarudi pale pale. Waimbaji walisema azikwe juu, kando ya madhabahu, kwa kuwa alikuwa sauti ya Gojamu. Walimaji walisema azikwe chini, kwa watu aliowaomba radhi. Watu wakashika jeneza huku na huku, likayumba, na neno ukuta likasikika tena kutoka midomo ambayo jana ilikuwa ikila sahani moja. Emahoy Wubit, sasa bibi kizee anayeshikwa mkono, alitoka jikoni.

“Liwekeni chini,” alisema, nao wakaliweka. “Alikaa na nyie miaka yote hii. Alikuwa wa juu?”

“Hapana, Emahoy.”

“Wa chini?”

“Hapana.”

“Akiwa hai mlimpa upande akaukataa. Leo mnaona hawezi kukataa, ndiyo mnampa?”

Alizikwa katikati, kando ya jiko.