Ukaguzi wa Bafu la Juu

Fundi vigae waliyemwita Profesa hakuwahi kugusa kazi kabla ya kumponda fundi aliyemtangulia. Wenzake huanza kwa kupima. Yeye alianza kwa kusonya. Kusonya huko kulimlisha miaka ishirini na miwili, maana mwenye nyumba akishaamini kwamba fundi wa jana alimtapeli, humkabidhi wa leo funguo zote.

Asubuhi moja jirani alimpeleka kwa mjane ambaye bafu lake la ghorofani lilivuja, mpaka dari la sebuleni likatoka kitambi. Profesa aligonga kigae kwa mpini wa mwiko, akasikiliza, akasonya.

“Mama, nani alikufanyia unyama huu?”

“Fundi mmoja tu, miaka sita imepita. Kwani unaonaje?”

“Huyo si fundi. Huyo angepewa mbuzi achunge, na mbuzi wangepotea.” Akabandua kigae. “Ona, hakupaka dawa ya kuzuia maji, hata tone. Kabandika juu ya zege tupu, akaenda zake. Mshitaki.”

“Kazi ya miaka sita?”

“Hata kumi. Kosa kalificha chini ya vigae, wewe ungelionaje?”

“Basi niandikie hayo, fundi.”

Profesa, aliyeupenda mwandiko wake kuliko wanawe, aliandika kurasa mbili na kutia sahihi yenye mikia mitatu.

Alipoondoka, shemeji wa mjane, karani mstaafu wa mahakama, alitoa kabatini mkataba wa ujenzi aliouacha marehemu kaka yake. Chini kabisa palikuwa na sahihi ya fundi wa bafu, mikia yote mitatu.

“Shemeji, huyu kajifunga bao mwenyewe. Ulimjua?”

“Tangu alipoingia getini. Alipolijenga nilimchemshia chai mwezi mzima, na hakuniangalia usoni hata siku moja. Kwake nyumba zote ni moja, na mwenye nyumba alikuwa mume wangu tu.”

Siku ya kesi Profesa alifika na utetezi wa kutosha kujaza toroli: nyumba imezeeka, saruji aliinunua marehemu, ardhi imetitia. Hakimu, mama wa makamo asiye na haraka, aliweka mkataba na ule ukaguzi mbele yake.

“Bafu hili ulilijenga wewe?”

“Mkataba unasema hivyo, mheshimiwa.”

“Na ukaguzi huu ni wako?”

“Ni wangu.”

“Umeandika kwamba kosa ni la fundi, na lilifichwa. Inawezekana ulikosea? Ulibandua kigae kimoja tu.”

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Angesema tu kwamba alikagua harakaharaka, kwamba yale yalikuwa maneno ya kutafutia kazi, na kesi ingeyumba. Lakini benchi la nyuma walikaa mafundi wenzake wanne, waliofuata burudani. Kukubali kwamba hajui kukagua, mbele ya wale? Profesa alikohoa, akanyoosha kola.

“Mheshimiwa, jicho langu halijawahi kukosea.”

“Kwa hiyo bafu ni bovu.”

“Bovu kabisa. Aliyelijenga ni mtu wa ovyo.”

Hakimu aliandika hayo neno kwa neno, kisha akaamuru vigae vyote ving'olewe, bafu lifanywe upya na dari la chini lirudishiwe, vyote kwa gharama ya mtu huyo wa ovyo.

Profesa alitoka kidevu juu. Hata kabla ya kufika ngazini, alikuwa akiwaeleza wale wanne jinsi alivyoigundua kasoro kwa kugonga mara moja tu.