Unga wa Msaada Uliovuka Ruvuma

Mwaka ule maharage yalikubali. Mdogo wangu Rozina, aliyeolewa ng'ambo ya Ruvuma, alikuja kwangu upande wa Liparamba kunisaidia kupura. Siku hizo hatukuuona mto kama mpaka wa nchi mbili. Kiangazi uliuvuka kwa miguu, ukala mchana kwa ndugu zako, ukarudi kwako. Tulipura mpaka jua likainama, tukimcheka mumewe, Damiano, aliyemwogopa mama yake mzazi kuliko alivyowaogopa Wareno. Kisha Rozina akajitwika maharage yake, akaenda.

Kabla ya mavuno yaliyofuata alirudi mbio na watoto wake watatu. Vita vya wapigania uhuru na Wareno vilikuwa vimefika kijijini kwao. Damiano alibaki, kwa sababu mama yake hakuweza tena kutembea, na alikataa kubebwa.

Watu wakazidi kuvuka. Walilala kanisani, shuleni, kwenye vibanda vya majani. Tuliwalisha mihogo yetu mpaka ikaisha. Ndipo malori ya msaada yakaja na unga wa mahindi ya njano, maziwa ya unga na mafuta, magunia yote yana maandishi ya kigeni. Watoto wa Rozina walikuwa wamebaki macho tu. Baada ya muda mashavu yakarudi. Msaada ule uliwaokoa, hilo silibishi.

Lakini kila alipopata mgao, Rozina alitenga sehemu akamvushia mama mkwe wake. Wengi walifanya hivyo. Unga mwingine uliwafikia wapiganaji porini, na kila mtu alijua, hata waliougawa.

Daktari aliyekuja na malori hayo tulimwita Daktari Yusufu. Alikuwa Mpalestina, na Kiswahili alikuwa amejifunza kazini. Siku moja alikuja uani kwangu kumtazama mtoto wa Rozina mwenye homa, akaona gunia dogo la unga limefungwa tayari.

"Unavusha?" alimuuliza Rozina.

"Ninavusha, Daktari," Rozina akajibu.

Daktari akaketi.

"Sisi tulipokimbia nilikuwa mdogo," alisema. "Tulidhani tunarudi baada ya mavuno. Tukapewa mahema, tukapewa unga. Mama yangu anapokea unga mpaka leo. Bila unga huo tungekufa. Lakini wakubwa wakiona watu wanakula, hawana haraka ya kumaliza ugomvi. Hata hapa, baadhi ya nchi zinazowaletea unga ndizo zinazowauzia Wareno bunduki. Na Mreno akiukuta unga huu ng'ambo, hatauliza ni wa nani."

"Kwenu hakubaki mzee nyuma?" Rozina akauliza.

"Babu yangu. Alikataa kutoka."

"Nani alimpelekea chakula?"

Daktari alitazama chini. "Hakuna."

"Mimi wa kwangu nitampelekea," alisema Rozina.

Alivuka, kama alivyokuwa akivuka siku zote. Alirudi kesho yake mchana, nguo zimelowa. Nilimpa uji, hakuugusa. Siku ya pili akanisimulia.

Alikuwa ameshuka kisimani asubuhi aliposikia sauti za askari.

Akalala kwenye matete.

Walitoa lile gunia ndani ya nyumba. Damiano akasema ni chakula cha mama yake. Wakaonyesha maandishi ya gunia, wakamuuliza tangu lini mama yake anajua kuandika kigeni.

Wakampiga risasi.

Mama mkwe alikuwa bado ndani walipowasha moto nyumba.

Baada ya hapo ikaamriwa kwamba unga usigawiwe tena karibu na mto. Wakimbizi wakahamishiwa kambi mpya, mbali kuelekea ziwani, ambako wangelima na kulishwa bila kuvusha chochote. Daktari Yusufu alikuja kutoa pole kabla hawajapanda lori.

"Ningesema zaidi siku ile," alimwambia Rozina.

"Ungesema zaidi, ningeenda tu."

Hakuwa na hasira naye. Walipeana mikono. Huko kambini Rozina alijipanga mstarini akapokea unga uleule, maana watoto walipaswa kula. Daktari alihamishwa, sikupata tena habari zake. Redio inapotaja watu wake, wajukuu wa waliokimbia wakiwa bado wakimbizi, namfikiria mama yake.

Nchi ile ilipopata uhuru, Rozina alirudi ng'ambo. Hakujenga pale pa zamani. Nilipokwenda kumtembelea, tukiwa wawili jikoni, nikamuuliza kama ingekuwa afadhali yale malori yasingekuja.

Alichochea moto kwanza.

"Dada, watoto wangu wako hai kwa unga ule. Damiano na mama walikufa kwa unga ule. Nishukuru au nilaani?"