Samaki wa Bahari Waliofia Kiogoro

Niliposema nitafuga samaki wa bahari, watu walicheka. Wenzetu wa ziwani wanaofanya kazi mjini ndio walicheka zaidi. Fundi mmoja wa mabomba pale kwenye gesti yangu aliniambia, "Mzee, Mkisii na samaki wapi na wapi? Wewe fuga ndizi." Nikamwambia akaze bomba aende zake. Mimi niliacha shule nikiwa mdogo, nikabeba mikungu ya watu mgongoni sokoni Kebirigo, na leo nina gesti ya ghorofa. Mtu haniambii kitu hakiwezekani.

Tangi kubwa la kioo nililiweka pale wageni wanapoingilia. Lakini samaki wa bahari hawamwagwi humo siku ya kwanza. Wakifika hukaa peke yao kwenye tangi dogo, wakiangaliwa kama wana ugonjwa. Karantini. Neno hilo tulilijua wote tangu wakati wa barakoa. Tangi dogo lilikaa nyumbani Kiogoro, kwenye chumba cha nje kilichokuwa stoo ya nafaka ya wimbi.

Kazi nilimpa mke wa kijana wangu. Kijana mwenyewe ni dereva wa lori, nyumbani ni mgeni. Yule msichana alikuwa na kichwa. Alisoma kila kitu kwenye simu, akachanganya maji na chumvi ya bahari, akapima joto, akahakikisha pampu ya hewa haizimi. Na alihitaji kitu cha kushika mkononi. Alikuwa amezaa mara mbili na watoto wote wawili hawakukaa duniani. Tangu hapo alitembea kwenye boma akiangalia chini.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe wana mpaka. Tunauita chinsoni. Hatushikani mikono, sikanyagi nyumba yake, wala hatukai wawili chumba kimoja. Kwa hiyo akiwa ndani na samaki, mimi nilisimama nje, tukaongea kupitia mlangoni.

"Wamekula?"

"Wamekula, Baba. Huyu wa manjano ana ulafi kama shemasi kwenye harusi."

Nilicheka peke yangu uani. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akitania.

Asubuhi moja akaniita kwa sauti nyingine. Wote walikuwa chini ya tangi, wamekufa. Jana yake walikula vizuri. Hakuna kidonda, hakuna doa, rangi zao bado zinang'aa kama nguo mpya.

Nilimpigia muuzaji kule Pwani. "Mzee, ni safari hiyo, imewachosha," akasema, akatuma wengine. Nao wakala, wakacheza, wakafa vilevile. Nikamwuliza bwana samaki wa kaunti. "Mimi ni wa tilapia, mzee," akasema. Mtu mwingine akaniambia kule baharini wako wanaowavua kwa sumu ya kuwalewesha, samaki anakuja mzuri hivi kumbe amebeba kifo tumboni. Muuzaji akaapa kwamba wake hawavuliwi hivyo. Mpaka leo sijui.

Lakini kwetu watu hawakubali neno "sijui." Dada yangu mkubwa, ambaye ndiye anatunza boma tangu mke wangu afariki, alinijia nikinywa chai.

"Ndugu yangu, kwanza watoto. Sasa samaki. Mkono wa nani uko katikati?"

"Nyamaza."

"Nitanyamaza. Lakini wewe, kwa macho yako, umewahi kuona anachofanya humo ndani?"

Sikuwa nimeona. Adabu yenyewe ndiyo iliyonizuia kuona, na sasa ilikuwa imenifunga mdomo. Sabato iliyofuata kanisani, wanawake waliacha nafasi kwenye benchi upande wake wa kushoto na wa kulia.

Nikaagiza samaki mara ya tatu. Ufunguo nikaweka mfukoni mwangu. Safari hii mimi ndiye niliingia ndani na yeye akasimama nje, akinielekeza.

"Koroga tena, Baba, chumvi haijayeyuka."

"Imeyeyuka."

"Haijayeyuka, naisikia ikikwaruza ndoo."

Nikakoroga. Nikawalisha mwenyewe. Nikalala na ufunguo. Na walipokufa, nasema bila aibu, nilifurahi. Niliwatia kwenye karai, nikalibeba hadi katikati ya uwanja, nikawaita dada yangu na majirani.

"Mlango nilifunga mimi. Chakula niliwapa mimi. Haya, semeni basi mimi ndiye mchawi!"

Jirani mmoja akakohoa. Dada yangu akainama, akatazama karai, akajifunga leso vizuri.

"Si alikuwa anasimama mlangoni?" akasema.

Na watu, watu wazima wanaoimba kwaya, wakatikisa kichwa kukubali. Msichana alikuwa karibu na jiko, amesikia yote. Kijana wangu alipigiwa simu, akasema ataongea nao akija. Hakuja mapema. Alipokuja, mkewe alikuwa amesharudi kwao Manga.

Nilipanda huko mwenyewe kumwomba arudi. Kwa kawaida mzee hutuma watu; mimi nilienda kwa miguu yangu. Baba yake alinitolea kiti nje, chini ya ukingo wa bati, wala hakunikaribisha ndani. Msichana akaleta chai, akaiweka kwenye stuli, akarudi nyuma mpaka umbali unaofaa.

"Baba, mlijua kilichowaua?"

"Hapana. Lakini nimewaambia wote si wewe."

"Nilisikia ukiwaambia." Alikunja taulo ya mikono mara mbili. "Mngejua, ningerudi. Kwenu kitu kikikosa sababu, sababu ni mimi. Na vitu vitaendelea kufa, Baba. Kuku watakufa. Ng'ombe atatupa ndama."

Baba yake alikuwa ananitazama, akingoja nimalize chai. Nikaimaliza, nikarudisha kikombe kwenye stuli, nikashuka kutoka Manga bila yeye.